Mstari wa Bibi 320: Kuwafundisha Watoto Wadogo Maisha ya Wawindaji wa Kale

SWALI: Mimi ni mwalimu wa awali na darasa la kwanza huku Igoma, Mwanza. Nina watoto 62 wa miaka mitano hadi saba. Wiki iliyopita nilijaribu kuwaeleza habari za watu wa kale walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda, kisha nikawaambia wachore. Karibu nusu yao walichora watu wakimkimbiza dinosaria. Mmoja akaniuliza kama bibi wa bibi yake alikuwa nyani. Mwingine akasema watu wa kale anawajua, amewaona kwenye runinga, ni Wahadzabe. Sikuwa na jibu la kumpa yeyote kati yao. Sina picha, wala sina fedha za kuwapeleka Olduvai. Nianzie wapi, na je, umri huu si mdogo mno kwa somo hili?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, umri huo si mdogo hata kidogo. Mtoto wa miaka sita bado anatembea huku akiangalia chini. Anaona siafu wanakoelekea, anaona unyoya wa kunguru, anaokota kijiwe kinachong'aa na kukitia mfukoni mpaka mfuko wa kaptula unatoboka. Sisi tunamwambia ainue kichwa, tunachelewa. Mtu aliyeishi kwa kuwinda na kukusanya alihitaji macho ya namna hiyo mpaka uzeeni. Mtoto wako ameshafika kwenye somo kabla yako.

Kinachoharibu ni mlango tunaoingilia. Wengi tulifundishwa zama za mawe kwa orodha ya mapungufu: hawakuwa na nyumba, hawakuwa na nguo, hawakujua kulima, walitangatanga huku na kule. Mtoto akimaliza kusikiliza orodha hiyo anajumlisha mwenyewe. Asiye na nyumba, nguo wala shamba ni mnyama. Swali la nyani ulilopewa limetoka kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema, ni hili: anza na walichojua. Walijua mti gani una maji, samaki yupi anapanda mto mvua zikianza, udongo gani haupasuki ukichomwa, nyuki wanaishi wapi. Ukishajaza ubao kwa mambo waliyoyajua, yale waliyoyakosa utayataja kwa sentensi moja na hayatamdhuru mtu.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa lenyewe bado linaniuma. Nikiwa mwalimu kijana niliandaa igizo la watu wa kale. Watoto walijifunga majani ya migomba, wakashika fimbo, nami nikawafundisha kunguruma badala ya kusema. Wazazi walicheka sana. Mtoto mmoja wa kiume alikataa kushiriki, akakaa chini ya mwembe mpaka igizo likaisha. Kesho yake mama yake alikuja, akanieleza kwa upole kwamba wao ni Wahadzabe, wametokea upande wa Bonde la Yaeda, na kwamba usiku mtoto alikuwa amemwuliza: "Mama, kwani bibi hasemi?" Bibi huyo alikuwa hai, anachimba mizizi, anasema lugha yake na Kiswahili na Kiiraqw. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi mtoto mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo hakuna anayenguruma katika darasa langu.

Basi yule wako aliyesema watu wa kale ni Wahadzabe, mjibu mapema, usiache wazo hilo likae. Wahadzabe ni Watanzania wa leo, wa mwaka huu huu. Ni zaidi kidogo ya watu elfu moja, wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, Mbulu, na hata Meatu katika mkoa wa Simiyu, majirani zetu kabisa. Lugha yao ina sauti za kidoko, ule mdoko wa ulimi tunaoutoa tukisikitika au tukimhimiza punda, ila wao wameufanya herufi kamili. Waache watoto waujaribu. Watafurahi, nao watagundua kwamba ni vigumu kuutia katikati ya neno. Baadhi ya Wahadzabe bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma na kuchimba viazi pori. Wengine wamechanganya na kazi nyingine, na watoto wao wengi wako shuleni kama wako. Wanaweza kutufundisha ufundi wa porini kama mvuvi wa Ukerewe anavyoweza kutufundisha ziwa, na kwa heshima ile ile. Wao si picha ya zamani iliyosimama, kwa kuwa nao wana karne zao za kubadilika kama sisi.

Watoto wako watapenda zaidi habari ya asali. Yupo ndege mdogo wa rangi ya vumbi ambaye anajua mzinga wa nyuki ulipo lakini hawezi kuufungua. Mhadzabe anapiga mluzi, ndege anajibu, anaruka mti hadi mti mbele yake, wanafika. Mtu anafukiza moshi, anachanja mti, anachukua asali, na ndege anapata nta. Waambie hilo kisha uwagawe wawili wawili, mmoja ndege na mmoja mrina asali aliyefumba macho, ndege amwongoze kwa mluzi tu. Dakika kumi zinatosha, na hutahitaji kuwaeleza ujuzi ni nini.

Nikirudi kwenye swali lako la wapi pa kuanzia: anza na nyayo. Jioni kabla ya kuondoka, chagua kipande cha uwanja chenye mchanga laini, ukubwa wa mikeka miwili. Kifagie, nyunyiza maji kidogo, waombe wenzako wasikikanyage. Asubuhi wapeleke watoto kumi kumi, wachuchumae pembeni, mikono magotini, na uwaulize: nani amepita hapa usiku?

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, katika shule moja iliyoegemea miamba ya huku kwetu, tuliona vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kuku, walisema wote kwa pamoja. Tuliona mstari mwembamba uliopindapinda kati ya vikucha vidogo. Walibishana kidogo, nyoka au mjusi, mpaka mmoja akasema nyoka hana vidole, mstari huo ni mkia unaoburutwa. Paka tulimjua kwa kuwa makucha hayakuonekana. Kisha kulikuwa na buti za mlinzi. Msichana mmoja mwembamba, ambaye darasani alikuwa hajui bado kuitofautisha "b" na "d", akasema mlinzi alikuwa anachechemea. Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha bila kugusa: buti la kulia limezama mpaka kisigino, la kushoto limezama juu juu na limekwangua mchanga kwa mbele. Tukamwita mlinzi. Akainua suruali, mguu wa kushoto una kidonda cha wiki nzima. Wenzake walimtazama yule msichana kama wanavyomtazama aliyefunga goli.

Hapo ndipo niliposema neno la kwanza kuhusu watu wa kale: haya mliyoyasoma leo mchangani, wao waliyasoma kila asubuhi, na aliyesoma vibaya alilala na njaa. Hawakuhitaji maelezo zaidi.

Kama wakitaka zaidi, wape Laetoli, kusini mwa Olduvai. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha yakawa kama udongo wa mfinyanzi, na viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili wakapita juu yake. Majivu yakakauka yakawa mwamba. Mwaka 1978 kikundi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilizifukua nyayo hizo, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Katika sehemu moja mguu mmoja umekanyaga ndani ya alama ya mguu mwingine, aliyetangulia. Mwombe mtoto mmoja apite kwenye udongo uliolowa na wa pili amfuate kwa kukanyaga palepale. Acha udongo ukauke juani siku mbili. Kipande hicho kitakuwa makumbusho ya darasa lako mwaka mzima.

Sasa muda, ambao ndio uliomleta dinosaria darasani kwako. Usimwambie mtoto wa miaka sita "miaka elfu nane iliyopita". Kwake elfu nane ni namna nyingine ya kusema nyingi. Mpimie kwa bibi. Mwombe mwalimu mkuu dakika ishirini baada ya paredi, na shule nzima. Mtoto wako mmoja asimame mbele: huyu ni wewe. Wa pili ashike bega lake: huyu ni mama. Wa tatu ni bibi, wa nne ni mama wa bibi. Tukichukulia miaka 25 kati ya mama na mtoto, kila hatua nne kurudi nyuma ni miaka 100. Huu wingi wa watoto tunaoulalamikia kila siku, kwenye somo hili ni mali.

Tembea nao kando ya mstari. Kwa mtoto wa nne, simama: huyu mama wa bibi alipokuwa msichana ndipo sangara alipoletwa ziwani, miaka ya 1950. Kabla yake hakuna aliyekuwa amemla hapa. Kwa mtoto wa 22, simama tena: bibi huyu hajawahi kuona hindi wala muhogo, kwa sababu vyote viwili vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1500. Kwa mtoto wa 100, miaka 2,500 hivi iliyopita, wako wakulima na wafua chuma wa kwanza wa kando ya ziwa, wale waliofinyanga vyungu vinavyoitwa Urewe. Endelea. Kwa mtoto wa 320 uko miaka 8,000 nyuma, na bibi aliyesimama hapo hana jembe wala ng'ombe. Anavua, anawinda, anachuma. Ukiwa na shule kubwa, fika mtoto wa 650: huyo akija Mwanza hakuti ziwa. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi tu, na katika enzi ya ukame mkali lilikauka. Wataalamu walipochimba tope la sakafuni walikuta tabaka la udongo lililowahi kuwa nchi kavu, lenye mizizi ya majani. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita maji yakarudi. Watoto wa Mwanza wakisikia ziwa liliwahi kukauka hunyamaza kabisa. Wape muda wa kunyamaza.

Sasa waulize: na dinosaria je, asimame wapi? Kwa hesabu ile ile ya bibi, dinosaria wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, yaani mstari wa watoto zaidi ya milioni mbili na nusu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 3.7 katika mkoa mzima wa Mwanza. Zaidi ya nusu ya mkoa, wazee kwa vichanga, washikane mabega, ndipo umfikie. Hakuna mtu aliyewahi kumkimbiza dinosaria, na hakuna dinosaria aliyewahi kumkimbiza mtu. Lakini usimfukuze darasani kwa ukali, maana ni wetu pia. Mifupa ya mmoja wa wakubwa mno duniani ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na sasa imesimama Berlin. Mwambie mtoto aliyemchora: umechora vizuri, ila umewakutanisha wasiowahi kukutana. Ikateni picha iwe mbili, mtu apate karatasi yake na dinosaria yake.

Mstari huo huo unalijibu swali la nyani, na jibu lake liwe fupi. Bibi wa bibi yako alikuwa mtu. Mtoto wa 320 alikuwa mtu, mwenye akili kama yako, anayecheka, anayeimba, anayembembeleza mtoto alale. Ukienda mpaka mtoto wa 12,000 bado ni watu wa jamii yetu, kwa kuwa mabaki ya zamani kabisa ya watu kama sisi yana umri wa miaka 300,000 hivi. Yule Zinjanthropus wa Olduvai, ambaye fuvu lake lilipatikana mwaka 1959, ana miaka milioni 1.75. Kumfikia kwa mstari wa bibi ungejaza uwanja wa CCM Kirumba mara mbili, naye ni wa ukoo wa pembeni uliokwisha, si bibi yetu. Kwa maoni yangu habari zake zingoje darasa la tatu na kuendelea, wanapoanza historia. Si kwa kuificha. Mtoto akiuliza, jibu kwa ukweli na kwa sentensi mbili. Lakini mtoto wa miaka mitano anahitaji kwanza kumjua mtu aliyefanana naye kabla ya kutatizwa na fuvu. Na katika mkutano wa wazazi, sema wewe mwenyewe mtajifunza nini, ili mzazi asije akasikia nyumbani neno lililopinda.

Nimeshamtaja bibi wa 320 mara nyingi. Niseme ni nani, kwa sababu hapa ndipo vitabu vyetu vinapowapunja watoto wa Kanda ya Ziwa. Tunafundishwa kwamba watu walipoanza kulima ndipo walipotulia na kufinyanga vyungu. Kandokando ya ziwa hili haikuwa hivyo. Wanaakiolojia wamechimba vigae vya vyungu vilivyotengenezwa na watu waliovua na kuwinda, miaka maelfu kabla ya shamba la kwanza. Wanaviita vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilicho katika Mto Kagera. Vimepatikana pande za Uganda, Kenya na huku kwetu Tanzania, vimenakshiwa kwa kuchomachoma kwa kifaa chenye meno au kwa kukiyumbisha huku na huku juu ya udongo mbichi. Upande wa Ghuba ya Winam, Kenya, kuna malundo ya makombe ya kome yaliyoachwa na vizazi vya walaji, na ndani yake mifupa ya samaki, ya wanyama wa porini, na vipande vya mawe meupe makali waliyochanjia.

Na hawakutangatanga. Waliufuata mwaka. Msimu wa kiangazi walikaa ufukweni wakiokota kome na kuvua. Mvua zilipojaza mito, walihamia kwenye maporomoko, mahali kama Gogo Falls kwenye Mto Kuja, kwa sababu walijua samaki wanapanda mto kutaga na hapo hubanana kwenye mawe. Mvuvi wa leo anayengoja ningu mdomoni mwa mto anajua jambo lile lile.

Mchezo wake ni huu. Kona moja ya uwanja ni mwaloni, yaani ufukweni, kona ya pili ni maporomoko ya mto. Ukipiga ngoma, mvua zimeanza, kambi inahama. Kila familia ya watoto watano ichague vitu vya kubeba kwa mikono tu, bila begi wala toroli: mtoto mchanga (mwanasesere wa kitambaa), chungu, kaa la moto, ngozi ya kulalia, upinde, mkeka, jiwe la kusagia. Watoto watabishana, na ubishi wenyewe ndio somo. Nimewahi kuona familia moja ikiacha chungu kwa kuwa ni kizito na ikasema itakifukia ili ikikute mwakani. Nyingine ilisahau mtoto mchanga, ikarudi mbio ikilia kweli. Usiwasahihishe upesi. Ukimaliza, waulize nani alibeba moto na kwa nini.

Ukigawa kazi za kambini, usiseme wanaume waliwinda na wanawake walikaa nyumbani. Hakuna aliyekaa. Kwa Wahadzabe wanawake huchimba viazi pori kwa mti uliochongwa ncha, na chakula wanacholeta ni kingi na cha uhakika kuliko nyama, inayopatikana siku moja na kukosekana siku nyingine. Watoto wa umri wa wanafunzi wako huchuma matunda na kuokota ubuyu wenyewe, wakala na kugawiana. Nyama kubwa ikiletwa haiwi ya aliyepiga mshale. Inagawiwa kambi nzima. Hilo watoto wetu wanalielewa vizuri, hasa wale wanaokula sinia moja na ndugu saba.

Sahani ya mchana ni somo jingine ambalo sikuachii ulisahau. Chora ubaoni ugali, samaki wa kuunga kwa nyanya, karanga, viazi vitamu na kipande cha embe. Kisha futa, kimoja kimoja, kila ambacho bibi wa 320 hakukijua. Ugali wa mahindi au muhogo, futa. Nyanya, futa, nayo imetoka Amerika. Embe limetoka Asia, futa. Sangara, futa. Sato? Wataruka. Naye futa, aliletwa miaka ya 1950 kama sangara. Karanga na viazi vitamu, futa, pamoja na michembe yetu, viazi vilivyokaushwa, tunayojivunia. Sahani imebaki tupu na watoto wanahuzunika. Sasa anza kuijaza tena, na hapa chukua muda wako: kamongo, kambare, ningu, ngege, furu, dagaa. Ubuyu, ukwaju, kole. Asali. Uyoga baada ya mvua. Mlenda wa porini. Kumbikumbi wanaotoka kwenye kichuguu. Waulize nani amewahi kuokota kumbikumbi, na mikono itakayonyooka itakushangaza. Kama una mtoto mwenye asili ya Bukoba, mpe nafasi aeleze senene wanavyokusanywa. Darasa litagundua lenyewe kwamba kukusanya hakujaisha. Sisi tumeongezea shamba na duka tu.

Ukiweza, mlete kamongo mzima kutoka mwaloni, hata kwa kumwazima muuzaji kwa nusu saa katika beseni. Ni samaki anayepanda juu kuvuta hewa kama sisi. Watoto wakimsikia akivuta pumzi, hawatamsahau, na utakuwa umewaonyesha mnyama yule yule ambaye mifupa yake imo kwenye majalala ya watu wa Kansyore.

Usisahau wazee wa mtaani. Wasukuma ni wakulima na wafugaji, lakini walikuwa na chama chao cha wawinda nungunungu, Banunguli, chenye nyimbo na ngoma zake. Pengine kuna babu wa mwanafunzi wako anayeukumbuka wimbo mmoja. Akija, aketi, aimbe, aulizwe. Kama nauli ikipatikana, Makumbusho ya Bujora, Kisesa, si mbali na Igoma. Hayahusu zama za mawe, lakini mtoto ataona ngoma, mikuki na vyombo vya watu waliokuwepo kabla ya plastiki.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Usiwapeleke watoto kukanyaga maji ya ukingoni mwa ziwa kwa ajili ya nyayo au kome. Kichocho kipo, na minyoo yake hupenya ngozi katika maji hayo hayo ya kina kifupi yenye majani na konokono. Chukua mchanga mkavu, tumia maji ya bomba. Usiwaache wagonganishe mawe kutengeneza zana; kipande kinachoruka kinakwenda jichoni. Gonga wewe peke yako, mbali nao, ukiwa umefunika jiwe kwa gunia, kisha waonyeshe kipande kimoja cha lile jiwe jeupe gumu kinavyokata jani la mgomba. Wao wachonge sabuni ya mche kwa kijiti. Kupekecha moto afanye mtu mzima mwenye ujuzi, watoto wakae nyuma ya mstari. Na matunda ya porini yaonjwe yale tu yanayouzwa sokoni. Katika mchezo wa kuchuma tumia ukwaju na ubuyu ulionunua mwenyewe na kuuficha uwanjani.

Limebaki moja, la michoro. Mapango ya ukanda wetu yana michoro ya kale, na mingi haioneshi wanyama kama ile maarufu ya Kondoa. Kule Nyero mashariki mwa Uganda, na katika Kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, utakuta duara ndani ya duara ndani ya duara, nyekundu, zimechorwa kwa kidole. Bwanjai, Kagera, ipo mingine. Wafundishe watoto tangu sasa kwamba mchoro wa mwambani hauguswi, haumwagiwi maji ili uonekane vizuri pichani, na chini yake hapachimbwi. Tumepoteza sehemu nzuri katika nchi hii kwa watu wanaotafuta dhahabu ya Wajerumani ambayo haipo. Wakiona kigae au jiwe lililochongwa, wakiache mahali pake waje wamwambie mwalimu, nawe upeleke taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria inayolinda vitu hivi ipo tangu mwaka 1964.

Halafu wachore wao. Ponda udongo mwekundu, chekecha kwa kitambaa, changanya na maji na uji mwepesi kidogo ili ushike. Mpe kila mtoto kipande cha boksi la dukani na kidole chake mwenyewe. Usiwaambie wachore nini, na duara zikitokea usiwaeleze maana yake. Waulize wao, andika maneno yao chini ya kila picha kama walivyoyasema, kisha zibandike ukutani chini kabisa, pale macho ya mtoto wa miaka mitano yanapofika.